Kutuma zawadi bila kujua anwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojenga huduma

Maswali haya huulizwa na wabunifu, waandishi wa programu na wenye maduka ya mtandaoni wanaotaka mteja aweze kumtumia mtu zawadi akiwa na namba yake ya simu au barua pepe tu. Karibu majibu yote yanatoka kwenye msingi mmoja: anwani ni ya mpokeaji. Mtumaji analipia haki ya kubisha hodi, na kujua mlango uko wapi hakumo katika anachonunua.

Huduma hii inafanyaje kazi, hatua kwa hatua?

Mtumaji anachagua bidhaa, analipa, anaandika jina la mpokeaji na maneno machache ya kuambatana na zawadi. Mfumo unatengeneza kiungo. Mpokeaji anakifungua, anaona zawadi na jina la aliyeituma, kisha anakubali au anakataa. Akikubali anaandika mahali pa kufikishiwa, na ni hapo tu oda inaposhuka stoo.

Wazo lenyewe limeshazoeleka. KakaoTalk ya Korea Kusini ilianza kuuza zawadi ndani ya programu yake ya ujumbe mwaka 2010. Amazon iliwaruhusu wateja wa Prime wa Marekani kutuma zawadi kwa namba ya simu au barua pepe mwaka 2021. Weixin ya China ilianza kujaribu huduma kama hiyo Desemba 2024.

Kwenye hifadhidata, zawadi ipitie hali zinazojulikana na zisizorudi nyuma ovyo: imelipiwa, kiungo kimetoka, imekubaliwa, imefungashwa, imesafirishwa, imefika. Kuna na njia za kutokea kando: imekataliwa, muda umeisha, fedha zimerudishwa. Andika tangu mwanzo ni nani anaruhusiwa kuihamisha zawadi kutoka hali moja kwenda nyingine. Timu nyingi huiacha kazi hii mpaka mtu wa huduma kwa wateja anapobadilisha hali kwa mkono na kifurushi kikatoka mara mbili.

Kiungo kitumwe na nani, sisi au mtumaji?

Mtumaji, kila inapowezekana. Ujumbe unaosema “umepata zawadi, weka anwani yako hapa” unafanana kabisa na ujumbe wa matapeli, na ukitoka kwenye namba ngeni mtu mwenye busara ataufuta. Kiungo hicho hicho kikija ndani ya mazungumzo anayoyafahamu, kutoka kwa rafiki yake, atakifungua. Kwa hiyo baada ya malipo weka kitufe kikubwa cha “Nakili kiungo” na kingine cha kufungua programu ya ujumbe. Kutuma kupitia mfumo wenu kuwe chaguo la pili.

Mkituma wenyewe kwa ujumbe mfupi, uwe kama huu:

“Rehema amekununulia zawadi. Hulipi chochote. Neno lenu: mwembe. Sema unataka ifike wapi: https://zawadi.example/p#” na nyuma yake tokeni, yaani mfuatano wa siri unaoitambulisha zawadi hiyo, ya herufi 22.

Jumla ni herufi 136, kwa hiyo unaingia kwenye ujumbe mmoja wa herufi 160. “Neno lenu” ni neno ambalo mtumaji amelichagua akijua mwenzake atalitambua, na linasaidia kuliko nembo yoyote. Tumia jina lenu kamili la tovuti. Viungo vilivyofupishwa kwa huduma za nje vinaficha mwisho wa safari, na ndicho hasa watu wameonywa wakiogope.

Jihadharini na alama ya ritifaa. Mtumaji akichagua neno ng'ombe, na simu yake ikaweka ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo mwingine wa herufi ambao ukomo wake ni 70 kwa ujumbe mmoja na 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Ujumbe wa herufi 137 unageuka vipande vitatu, na mnalipia vitatu. Kikaragosi (emoji) kimoja kwenye jina la mtumaji kinaleta hasara hiyo hiyo. Nyoosheni ritifaa na kuondoa vikaragosi kabla ya kutuma.

Kwa barua pepe, wekeni SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, sawasawa kabla ya kutuma hata moja. Bila hivyo zawadi zitaishia kwenye kapu la taka na mtumaji atadhani amedharauliwa.

Tokeni ya kiungo iweje?

Iwe na biti 128 za nasibu kutoka kwenye kitengeneza-nasibu cha usalama cha mfumo wenu, sio kile cha kawaida cha hesabu. Ikiandikwa kwa base64 ya viungo, namna ya kuandika data kwa herufi zinazokubalika kwenye kiungo, inatoa herufi 22. Msitumie namba ya oda, wala namba ya oda iliyochanganywa kidogo. Mtu atabadilisha tarakimu ya mwisho na kuangukia zawadi ya jirani.

Kwenye hifadhidata msihifadhi tokeni yenyewe. Hifadhini heshi yake ya SHA-256, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye tokeni lakini haiwezi kugeuzwa kuirudisha. Hifadhidata ikivuja, mwizi hatapata viungo vinavyofanya kazi.

Kuiweka tokeni baada ya alama ya #, kama kwenye mfano wa juu, kuna faida kubwa: kivinjari hakiipeleki sehemu hiyo kwa seva, kwa hiyo haiingii kwenye kumbukumbu za seva. Ukurasa ukishafunguka, msimbo wake unaisoma na kuituma kwa ombi la POST, lile la kupeleka data kwa seva. Lakini msimbo wowote wa kupima matembeleo uliowekwa kwenye ukurasa huo unaweza kuisoma pia. Ukurasa wa kupokea zawadi usiwe na msimbo wa mtu wa nje hata mmoja. Mnaweza kuona hili ni kali mno. Ni afadhali kukosa takwimu za ukurasa mmoja.

Kwa nini zawadi zinaonekana “zimepokelewa” kabla mpokeaji hajagusa kitu?

Kwa sababu roboti wamekifungua kiungo kabla yake. Programu nyingi za ujumbe hukitembelea kiungo ili kuonyesha kijipicha na kichwa cha habari, na vichujio vya usalama vya barua pepe hukitembelea kukagua kama kina virusi. Ziara hizo ni maombi ya GET, yale ya kusoma ukurasa tu. Kama kufungua tu kunabadilisha hali ya zawadi, roboti ndiye aliyepokea.

Kanuni: GET haibadilishi chochote. Kukubali na kukataa vyote vipitie POST, baada ya mtu kubonyeza kitufe. Na kitufe kikibonyezwa mara mbili kwa sababu mtandao ni mzito, oda itoke moja. Hapo kizuizi cha upekee kwenye hifadhidata, zawadi moja kwa usafirishaji mmoja, kinafaa kuliko kuzima kitufe kwenye skrini, maana skrini si mahali pa kulinda chochote.

Mtu akimpasia mwingine kiungo, nani mwenye zawadi?

Mnatakiwa kuchagua. Kwa zawadi ndogo, kiungo kinaweza kuwa kama tiketi: aliyenacho ndiye mwenyewe. Kwa zawadi ya thamani, kifungeni na namba ya simu aliyoitaja mtumaji: kabla ya kuandika anwani, mpokeaji aingize msimbo wa tarakimu 6 uliotumwa kwenye namba hiyo, unaodumu dakika 10 na kukubali majaribio 5. Hifadhini namba kwa mpangilio wa kimataifa wa E.164, wenye alama ya jumlisha na tarakimu zisizozidi 15, la sivyo namba moja itaonekana kama tatu tofauti.

Kumbukeni kwamba kampuni za simu huzigawa upya namba zilizoachwa. Mtumaji aliyechukua namba kwenye orodha yake ya zamani anaweza kuwa anamtumia mtu asiyemjua kabisa. Ndiyo maana ukurasa uonyeshe jina la mpokeaji kama mtumaji alivyoliandika, na kitufe cha “Huyu si mimi” kisichohitaji maelezo.

Kosa linalorudiwa sana: anwani ikishawekwa, kiungo kikifunguliwa tena kinaionyesha. Huyo aliyekifungua mara ya pili anaweza kuwa mtumaji mwenyewe, kwani kiungo anacho! Baada ya kukubaliwa, ukurasa useme tu “Mahali pa kufikishiwa pameshapokelewa”. Anayetaka kurekebisha apitie msimbo wa simu, na simu inayotumika ni ile aliyoiandika mpokeaji wakati wa kukubali.

Anwani inaweza kumfikia mtumaji kwa njia zipi nyingine?

Hapa ndipo huduma nyingi huvujia, kwa sababu hakuna anayeandika “mwonyeshe mtumaji anwani”, ila anwani inajipenyeza. Pitieni moja moja:

Namba ya kufuatilia kifurushi. Tovuti ya msafirishaji huonyesha mji, mara nyingine hata kituo cha mwisho. Mtumaji asiipewe. Mwonyesheni hali nne tu: inasubiri, inaandaliwa, iko njiani, imefika.

Picha ya uthibitisho. Wasafirishaji wengi hupiga picha ya kifurushi mlangoni. Picha hiyo ni ya mpokeaji.

Nauli na kodi. Kama gharama inakokotolewa upya baada ya anwani kuwekwa na mtumaji akatozwa nyongeza, tofauti ya fedha inamwambia eneo. Tozeni nauli moja isiyobadilika kwa nchi nzima.

Ujumbe wa makosa. “Hatufiki eneo hilo” asionyeshwe mtumaji. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutuma zawadi kadhaa zenye mipaka tofauti ya usafirishaji, kisha akaangalia ipi imekwama. Aambiwe mpokeaji, na apewe nafasi ya kuweka mahali pengine au kuchagua bidhaa nyingine.

Stakabadhi na nyaraka za kurudisha. Kiolezo cha stakabadhi cha duka la kawaida huchapa anwani ya kufikishia. Tengenezeni kingine.

Muuzaji. Kwenye soko lenye wauzaji wengi, mtu anaweza kufungua duka, akanunua bidhaa yake mwenyewe kama zawadi, na anwani ikamfikia kwenye lebo. Ama vifurushi vyote vipitie stoo yenu, ama mzuie akaunti yenye uhusiano na duka kununua zawadi kwenye duka hilo.

Bidhaa yenyewe. Msipokee mizigo iliyofungwa na mtumaji. Kifaa kidogo cha kufuatilia kwa redio kinatosha kushonwa ndani ya mwanasesere. Uzeni vitu vya kwenye katalogi yenu tu.

Na watu wenu. Mhudumu anayepigiwa simu na “mtumaji mwenye wasiwasi” ataisoma anwani kwa nia njema kama anaiona kwenye skrini. Asiione.

Wapo watu waliohama kwa kumkimbia mtu anayewatafuta. Kwao, kuvuja kwa jina la mtaa ni hatari ya mwili, na ukali wote ulio kwenye orodha hii ni kwa ajili yao.

Mpokeaji afungue akaunti?

Hapana. Mpeni ukurasa mmoja.

Fomu ya anwani iwe na sehemu gani?

Nchi iwe ya kwanza, kwa kuwa inabadilisha zinazofuata. Kisha jina la kuandikwa kwenye kifurushi, katika kisanduku kimoja, maana wako watu wenye jina moja tu. Mistari miwili au mitatu ya anwani isiyolazimisha mpangilio. Mji. Msimbo wa posta, wa hiari isipokuwa pale nchi inapoutumia: Hong Kong hawana, na Ireland hawakuwa nao mpaka Eircode ilipoanza mwaka 2015. Namba ya simu ya dereva kupiga. Na mwisho kisanduku cha maelekezo chenye nafasi ya herufi 200 hivi, ambacho katika sehemu nyingi za dunia ndicho anwani halisi.

Kikagua-anwani kishauri, kisikatae. Kikipendekeza marekebisho, kitufe cha “Nilivyoandika ndivyo” kiwepo.

Na kama mpokeaji mwenyewe hana anwani ya mtaa?

Mpeni njia tatu. Ya kwanza ni kituo cha kuchukulia: duka au ofisi ya msafirishaji, anaenda na msimbo. Ni njia salama kuliko zote kwa faragha pia, kwani hata msafirishaji hajui anapolala. Ya pili ni sanduku la posta, ila hakikisheni aina ya usafirishaji inaruhusu: kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hazipeleki kwenye masanduku, na mfumo unapaswa kulijua hilo kabla lebo haijachapwa.

Ya tatu ni alama kwenye ramani. Mpokeaji anasogeza pini mpaka juu ya paa lake. Hifadhini latitudo na longitudo kwa desimali 5, ambazo ni usahihi wa takribani mita 1. Zaidi ya hapo ni tarakimu za bure. Kwa kuchapwa kwenye lebo, Plus Code, msimbo mfupi wa kutaja mahali, inasomeka vizuri: herufi na tarakimu 10 zenye alama ya jumlisha baada ya ya nane, zikitaja mraba wa mita 14 hivi kwa 14 karibu na ikweta, na hazilipiwi. what3words hugawa dunia kwa miraba ya mita 3 na kuipa kila mmoja maneno matatu; ni rahisi kutamka, lakini ulizeni kwanza kama msafirishaji wenu anaitumia. Kwa njia yoyote, pini peke yake haitoshi. Simu na maelekezo ya maneno viambatane nayo, kwa sababu GPS ya simu ndani ya nyumba inaweza kupotoka makumi ya mita na dereva akaishia upande wa pili wa ukuta.

Tumtoze mtumaji lini?

Papo hapo, na mrudishe fedha zawadi isipokubaliwa. Njia mbadala mbili zinavutia kwenye karatasi na kuumiza kwenye utekelezaji. Kushikilia kiasi kwenye kadi bila kukichukua hakudumu: ruhusa hiyo mara nyingi huisha baada ya siku 7 hivi, na zawadi inaweza kusubiri wiki mbili. Kuhifadhi kadi na kuitoza mpokeaji atakapokubali ni hatari zaidi. Kadi ikikataa siku hiyo, mtamwambia nini mtu aliyeshaambiwa ana zawadi?

Fahamuni kwamba wachakataji wengi wa malipo hawarudishi ada yao mnaporudisha fedha. Wekeni gharama hiyo kwenye hesabu mapema. Na fedha za zawadi ambayo haijakubaliwa bado si mapato. Zikae kwenye vitabu kama deni.

Upande wa wizi wa kadi, duka la kawaida hulinganisha anwani ya kadi na ya kufikishia wakati wa kulipa. Nyie wakati huo hamna ya pili. Basi kagueni mara mbili: wakati wa malipo, na tena anwani inapoingia. Zawadi tano kutoka kadi tano tofauti zikielekea mlango mmoja ndani ya siku moja, zisitoke stoo kabla mtu hajaziangalia.

Kiungo kidumu muda gani, na tukumbushe mara ngapi?

Siku 14 zinatosha kwa bidhaa za kawaida. Bidhaa iwekwe akiba stoo kwa muda wote huo. Kuahidi kitu na kisha kusema kimeisha kunamvunja moyo mpokeaji na kumwaibisha mtumaji. Kumbusho kwa mpokeaji yasizidi mawili, siku ya 3 na siku ya 11, na yasitumwe usiku wa kwake. Msimbo wa nchi wa namba yake unawapa makisio ya saa. Zaidi ya hapo mwambieni mtumaji, naye amkumbushe mwenyewe.

Mpokeaji akikataa, mtumaji aambiwe?

Aone “Haikupokelewa”, maneno yale yale anayoyaona muda ukiisha, na ayaone siku ile ile ambayo muda ungeisha. Kukataa kukitofautiana na kunyamaza, watu watapokea wasichokitaka ili kukwepa ugomvi. Kwa sababu hiyo hiyo msionyeshe “imefunguliwa saa fulani”. Fedha zirudi katika hali zote mbili.

Pamoja na kitufe cha kukataa pawepo cha “Sitaki ujumbe wowote kutoka huduma hii”. Orodha ya waliojitoa ihifadhiwe kwa HMAC, yaani heshi iliyochanganywa na ufunguo wa siri. Heshi ya kawaida ya namba ya simu haifichi kitu: namba za nchi nzima zinaweza kujaribiwa zote na kompyuta ya kawaida kwa muda mfupi. Na mtumaji lazima ajulikane kwenu, hata kama anataka jina lake lifichwe kwenye kadi.

Zawadi ikivuka mpaka wa nchi?

Anzeni na nchi moja. Mkivuka, kifurushi cha posta kitahitaji fomu ya forodha CN22 au CN23 yenye maelezo ya kilichomo na thamani yake. “Zawadi” peke yake si maelezo. Lipeni ushuru na kodi mapema, mpokeaji asidaiwe mlangoni. Msitegemee misamaha ya zawadi bila kuisoma: ule wa Umoja wa Ulaya wa mpaka euro 45 ni wa mtu binafsi kumtumia mtu binafsi, na kifurushi kinachotoka dukani hakistahili.

Data za mpokeaji tuzishike kwa muda gani?

Namba ya simu mmepewa na mtu mwingine, kwa hiyo ukurasa wa kwanza umwambie mpokeaji mmeipata kwa nani na mtaifuta lini. Chini ya GDPR, sheria ya ulinzi wa data binafsi ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, hilo ni takwa la kifungu cha 14, na kama mnaitumia namba kuwasiliana naye, linatakiwa kufanyika kwenye mawasiliano ya kwanza.

Anwani ikae kwenye jedwali lake, imesimbwa kwa ufunguo wake, na isisomwe na chochote isipokuwa kazi ya kuchapa lebo. Ifutwe siku 30 baada ya kifurushi kufika, au dirisha la kurudisha bidhaa likifungwa, lolote litakalochelewa. Hesabu za fedha zinahitaji kiasi, tarehe na nchi, mtaa hauhitajiki. Zawadi isiyokubaliwa: namba ifutwe muda ukiisha.

Chelezo, yaani nakala za akiba za hifadhidata, ndizo husahaulika. Anwani iliyofutwa leo inaendelea kuishi kwenye chelezo ya jana. Njia rahisi ni kuipa kila zawadi ufunguo wake wa usimbaji, na funguo hizo zihifadhiwe mahali pengine ambako chelezo zake ni za siku chache tu. Ukiufuta ufunguo, nakala zote za anwani hiyo, popote zilipo, hazisomeki tena. Kagueni pia faili za lebo kwenye kompyuta ya stoo: kichapishi hufanya kazi yake na kuziacha kwenye folda ya vilivyopakuliwa, kila moja ikiwa na jina, simu na mlango wa mtu.